Dakika Tatu za Kugombea Sebule

Mtandaoni walimwita Nyigu, na mashabiki wake walidhani hiyo ni sifa. Dada yake mshonaji, aliyeishi naye nyumba moja, alijua ni tabia. Mdogo wake alikuwa bingwa mkuu wa sataranji, cheo halali kabisa, lakini ile sataranji yake ya dakika tatu, ambayo kila mchezaji muda wake ukimwishia ameshindwa, ilikuwa ufedhuli mtupu. Huiacha saa yake iende dakika nzima bila kugusa kete, akipiga soga na watazamaji, ndipo aanze kumchakaza mtu. Akizidiwa, hakubali, humzungusha mfalme wake huku na huku mpaka mwenzake aishiwe muda. Kisha hucheka. Kicheko hicho dada mtu alikisikia kutwa kucha, miaka sita, cherehani yake imebanwa jikoni kati ya jiko na ndoo, vitambaa vya wateja vikinuka vitunguu.

Siku aliyorudishiwa gauni la bibi harusi kwa doa la mafuta, alipandwa na mori, akamfuata Nyigu sebuleni, alikojitwalia kuchezea.

"Nataka hii sebule," akamwambia.

"Nifunge, uichukue," Nyigu akajibu bila kuinua macho. "Mchezo mmoja tu."

"Amueni wenyewe," mama yao akasema kutoka chumbani. "Mimi mmeshanichosha."

Dada akarudi jikoni na simu yake. Kupitia ukuta akamsikia akiwatangazia watu wake: "Leo nacheza na fundi cherehani. Msipepese macho, mtakosa uhondo."

Dakika ikaenda bure, kama kawaida yake. Kisha akamvamia. Punde dada alikuwa amepoteza farasi na ngome, jasho linamtoka. Hapo Nyigu akaanza kiburi chake kikubwa, kuagiza. Kwenye simu unaweza kuandaa hatua yako kabla mwenzako hajacheza. Akicheza tu, yako inajipiga yenyewe, na muda wako hauguswi. Akaagiza malkia wake ashuke pembeni kumaliza kazi. Dada hakuiona amri hiyo, ila alimjua. Akasogeza kitunda kimoja, kete ndogo kuliko zote, kikawa kinailinda nyumba ileile ambayo malkia angetua. Malkia akajishukia mwenyewe. Kitunda kikamla.

Sebuleni soga zikakatika. Nyigu, aliyebakiwa na sekunde kumi na mbili, akaanza kumkimbiza mfalme kwa hatua za kuagiza. Dada akamtishia mfalme huyo kwa malkia. Mfalme akitishiwa, kilichoagizwa kisichomwokoa kinafutika. Lazima ufikiri umwokoe kwanza. Akamtishia tena, na tena, hata kumnasa mfalme akose pa kukimbilia hakujaribu. Sekunde zikamponyoka Nyigu moja moja mpaka zikaisha zote.

Dada alitoka jikoni mbio. Alimchukia mno siku hiyo, na alitaka amwone amevimba, atukane, ikiwezekana alie. Maneno ya kumpasha alikuwa nayo tele.

"Toka!" akasema.

Nyigu alikuwa ameshaanza mchezo mwingine na mtu asiyemjua. Akainuka, simu mkononi, vidole vinakimbia, akampisha mlangoni.

"Chukua," akasema.

"Nimekufunga! Umesikia wewe? Nimekufunga mbele ya watu wako!"

"Mm," akaitikia, akiendelea na safari yake koridoni. Kisha akacheka. Mtu mwingine huko mtandaoni alikuwa ameishiwa muda.

Dada akabaki amesimama katikati ya sebule yake, na hasira zake zote bado anazo.