Mwonja Chai Aliyeisingizia Sabuni

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamume mwenye kitambi cha heshima anafyonza chai kwa kelele ambazo nyumbani kwake zingemfukuzisha mezani. Anaizungusha mdomoni, anatazama dari kama anayemsikiliza mtu wa ghorofa ya juu, kisha anaitema ndooni na kusogea kwenye kikombe kinachofuata. Analipwa kwa kazi hiyo.

Kiwandani wanamwita Kijiko. Ana miaka ishirini na mbili ya kuonja chai, vikombe mia na arobaini kwa siku. Havuti sigara, hajipaki manukato, na kitunguu kibichi anakiona Jumamosi tu.

“Mke wangu anasema aliolewa na pua, mimi nilikuja kama mzigo wake,” anasema.

Lakini leo hataki kuizungumzia pua. Anataka kumzungumzia mwanamke anayesuuza vikombe nyuma yake, Bi Vikombe, ambaye mwaka jana Kijiko nusura amfukuzishe kazi.

Kiwanda, ambacho miaka yote kilitengeneza chai nyeusi, kiliamua kujaribu oolong. Majani ya chai hii huachwa yabadilike kidogo tu, kisha moto unayasimamisha, kwa hiyo haifiki kuwa nyeusi wala haibaki ya kijani. Ikitoka vizuri hunukia maua. Habari hiyo ya maua Kijiko alikuwa ameisoma kwenye karatasi, na karatasi hainukii.

Sampuli ya kwanza ilipofika, alifunua kifuniko, akanusa, akakunja uso. Akaandika: sabuni. Ya pili nayo: sabuni. Macho yote yakamgeukia Bi Vikombe. Msimamizi akampa barua ya onyo, na kumwambia ikitokea tena akabidhi aproni.

Bi Vikombe, anayesomesha watoto wawili kwa kazi hiyo, hakugombana na mtu. Anasema alifika nyumbani akawa ananusa mikono yake, hadi mama mkwe akamuuliza kama ameshika samaki.

Siku ya sampuli ya tatu, msimamizi alisimama mlangoni. Kijiko akanusa, akashika kalamu. Ndipo Bi Vikombe alipotua birika mezani.

“Kaka, usiandike. Mimina tena.”

Kijiko alimweleza kuwa chai haionjwi mara mbili, majani yakishatoa kikombe kimoja hutupwa. Ndivyo alivyofanya na chai nyeusi maisha yake yote. Mwanamke hakubanduka.

“Nimeosha vikombe miaka tisa. Hakuna sabuni inayovumilia maji ya moto mara tatu, hata uipake kwa mwiko. Mimina juu ya majani hayo hayo. Ikiendelea kunukia, barua yangu mtaila wenyewe.”

Maji ya pili, harufu ikazidi. Ya tatu, majani yaliyojikunja kama vidonge yakafunguka, na chumba kikanukia kana kwamba kuna mtu kaficha yasmini na hataki kusema. Kijiko akaonja. Ikateleza laini, bila ule ukali unaokamata ulimi, ikaacha utamu kooni. Akasahau kutema, kosa ambalo angemkaripia mwanafunzi.

“Sabuni ilikuwa kichwani mwangu,” anakiri.

Palepale alimwambia msimamizi kwamba aliyekosea ni yeye, akaomba barua ichanwe. Ilichanwa. Bi Vikombe aliviomba vipande, akavitumbukiza mwenyewe kwenye ndoo ya kutemea.

“Kila nikiionja chai hii namshukuru Mungu kwamba siku ile nilimsikiliza,” anasema Kijiko. “Ingekuwa jalalani, na dada yangu huyu angekuwa nyumbani, hana kazi.”

Bi Vikombe, bila kugeuka, anamkumbusha kuwa shukrani ya kweli inasuuza kikombe chake yenyewe. Tangu siku ile, cha kwake Kijiko anakisuuza.

Sasa ana mpango. Ameomba kwa maandishi kila oolong ionjwe na watu wawili, yeye na Bi Vikombe, na mama huyo alipwe mshahara wa mwonjaji. Hata kijiko cha kuonjea atakachompa ameshakinunua. Kimo mfukoni mwa koti, kimefungwa kitambaa. Ombi lilirudishwa wiki iliyopita, eti mama huyo hana cheti.

Amelipeleka upya jana. Na likirudi?

Anasogeza kikombe, ananyoosha mkono kwenye birika.

“Nitamimina tena.”