Kiti cha Radivoje

Nilichokiona kwanza kwa Bibi Ljubinka Prodanović ni tope. Nilikwenda ofisini kwake mjini Valjevo kuomba kazi, nimevaa suti ya mahafali, naye mchapishaji wa jarida la biashara akatoka kunipokea na viatu vilivyoganda tope hadi kwenye vifundo.

"Usinitazame hivyo, mwanangu. Natoka nyuma ya kiwanda cha maziwa," alisema. "Mbele wameweka maua. Maua hayaniambii kitu."

Aliniajiri, nikajua kuwa ndivyo alivyofanya kazi kwa miaka kumi na sita. Aliacha kazi katika gazeti la wafanyabiashara lililosifu kila mwenye kiwanda, akaanzisha *Mera*, yaani 'kipimo', mezani jikoni kwake. Jarida lake liliuliza maswali machache: wafanyakazi wanatendewaje, majitaka yanakwenda wapi, majirani wanasemaje? Kila vuli lilichapa orodha ya kampuni zinazotimiza wajibu wake kwa jamii.

Vuli hii alikiondoa kiwanda cha rangi katika orodha hiyo, akachapa na sababu. Mwenye kiwanda, Radivoje Šljukić, ndiye baba wa ubatizo wa Ognjen, mwana wa Bibi Ljubinka. Kwetu mtu huweza kugombana na ndugu wa damu akasamehewa. Kugombana na baba wa ubatizo ni kuvunja nyumba. Bibi Ljubinka alijua. Hata hivyo alikuwa ameliona bomba la kiwanda likimwaga maji mekundu mtoni.

Wiki sita Radivoje hakupiga simu.

Ikafika siku ya mtakatifu mlinzi wa familia yake, nami nikaenda nyumbani kwake. Siku hiyo hatualiki mtu. Anayekuthamini huja mwenyewe, na asiyekuja amekwisha kusema. Mshumaa uliwaka, ngano ya kuchemsha ilikuwa mezani, na kiti cha Radivoje kilikuwa kitupu kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili.

"Umemfukuza baba wa ubatizo wa mtoto kwa karatasi," mama mkwe wake alinung'unika.

"Mama, kunywa supu."

"Supu hainyweki kwa aibu!"

Bibi Ljubinka aliinuka akamwongezea supu.

Kengele ikalia. Radivoje aliingia na koti lililolowa mvua, akapiga ishara ya msalaba, akachota kijiko cha ngano.

"Heri ya sikukuu, Mama Ognjen. Mmekula bila mimi?"

"Umechelewa. Nyama nono imekwisha."

"Umeniumbua ukurasa wa kumi na moja, na nyama pia umeninyima?"

"Ungekuwa mtu baki ningekuweka ukurasa wa kwanza."

Mama mkwe ndiye aliyecheka kabla ya wote. Bibi Ljubinka aliketi ghafla, akafunika uso kwa kitambaa cha meza, mabega yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka, nadhani yote mawili.

Radivoje alipomaliza sahani ya pili akasema polepole, "Nilikasirika, sikufichi. Nikaenda kulitazama bomba ili nikuite mwongo. Miaka tisa nilikuwa sijafika kule, Ljubinka. Nililiziba siku ileile. Mtambo wa kusafisha maji umekwisha kuwekwa. Njoo uuone ukiwashwa."

"Nitakuja na chupa za kupimia."

"Njoo na pipa ukitaka!"

Tangu hapo ofisini hatuna mazungumzo mengine. Ukurasa mmoja wa toleo lijalo tumeuacha mtupu, nami nimeshaomba nibebe chupa. Mtambo utawashwa Alhamisi saa nne asubuhi. Leo ni Jumatatu tu.