Watiri Aliyefagia Kisima

Ukitaka kuona usafi, kule upande wa Gakindu ulipelekwa kwa Watiri. Uwanja wake ulifagiwa mpaka kuku mwenyewe anapita kando kwa adabu. Sufuria zake ungeweza kujitazamia kama kioo. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, shingo ngumu. Kahawa yake aliipeleka kiwandani mwenyewe, gunia mgongoni, kamba kipajini, na mwanaume akijitolea kumsaidia anamuuliza, "Kwani umeniona nikianguka?"

Huyo Watiri ndiye aliyewafanya wanawake wa Kahato, kijiji chake, kufagia kisima. Ulikuwa mwaka wa sabini na tatu. Zamani kisima kilikuwa kimejaa matete na majani ya majini, vyura wanapiga kelele ndani, na ili uteke maji lazima kwanza ufungue njia kwa mkono.

"Haya ni maji ya kunywa ama ni kichaka ya fisi?" Watiri akawauliza.

Wakaingia na mapanga na foki jembe. Wakang'oa kila kitu kibichi, na mizizi yake yote, kisha wakafagia ukingo kwa matawi mpaka udongo mwekundu ukalala laini kama uwanja wa harusi. Watu walitoka mbali kuja kuona.

Mvua ya kwanza ikauteremsha ule udongo ndani. Maji yakawa mekundu, halafu yakawa uzi mdogo, halafu tope likaziba jicho la kisima, pale maji yanapochipukia, na hakuna tena kilichotoka. Wanawake wakaanza kuteremka hadi mtoni, chini kabisa bondeni, na kupanda tena na debe mgongoni, kila siku.

Sasa ikawa lazima apatikane mwenye makosa. Akapatikana Ngatia, mzee aliyefiwa na mke, ambaye alilima nduma, yale magimbi ya majini, juu kidogo ya kisima. Ati mfereji wake ndio unakunywa maji ya watu. Ngatia akaufukia mfereji. Nduma zikakauka, na maji hayakurudi. Hata hivyo watu hawakumrudishia salamu. Kanisani alikaa benchi nzima peke yake. Na Watiri alikuwa mmoja wa wale waliompita njiani wakigeuza uso kutazama ua wa boma.

Lakini Watiri alikuwa na macho. Siku moja kule mtoni aliona kwamba mahali ng'ombe wamekanyaga ukingo ukabaki mtupu, maji ni matope. Hatua kumi tu kutoka hapo, kwenye matete, maji yanatoka kati ya mizizi yakiwa safi kabisa. Alisimama hapo na debe limejaa mgongoni mpaka shingo ikauma. Alikuwa ameelewa. Hakumwambia mtu.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, ile baridi ya ukungu ambayo jua linapotea wiki mbili na mtu anavaa koti juu ya koti, Watiri alianza kubeba. Aling'oa matete mtoni na matope yake, akayafunga kwa gunia, akapanda nayo mlima hadi kisimani. Akachimbua lile tope lililoziba jicho, akayapanda matete kulizunguka. Vidole vilikufa ganzi, akavipuliza, akaendelea.

Gathoni, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, alimkuta hapo akacheka. "Mama Gicheru, nani anapanda mwezi wa saba? Hata kitunguu inakataa!"

"Mvua ingeyabeba na jua lingeyakausha," Watiri akajibu bila kuinua kichwa. "Baridi haina haja nayo."

Wiki ya nne, kati ya mizizi, maji yakatoka. Kidogo tu, kama jasho. Kisha yakatosha kikombe. Kisha debe.

Hapo ndipo habari ilipofika kwamba Ijumaa naibu wa chifu atakagua visima vyote, na kijiji chenye kisima safi kitapewa toroli. Alhamisi asubuhi kila boma likatoa mtu. Wakateremka kwenye ukungu na mapanga, Gathoni mbele. Ngatia naye alikuja na jembe lake, akasimama mbali kama mgeni.

Walimkuta Watiri ndani ya kisima, maji yakimfika magotini.

"Toka hapo, Mama Gicheru. Kesho serikali inakuja na wewe umetuwekea msitu."

"Sitoki."

"Si ni wewe ulisema ni kichaka ya fisi? Ama fisi amekuwa rafiki yako?"

Watu wakacheka. Watiri alitazama mapanga. Angeweza kuwaambia matete ni mazuri, lakini wangemuuliza amejuaje, na kusema amejuaje ni kusema nani aliua kisima. Yeye ambaye hajawahi kukosea hata chumvi ya mboga. Akamtazama Ngatia kule kando, kofia mkononi.

"Haya maji niliyaua mimi," akasema.

Watu wakageuka kumtazama Ngatia.

"Si Ngatia. Mfereji wake ulikuwa hapo miaka kumi na tulikuwa tunateka. Nilitoa matete, udongo ukaingia, jicho likaziba. Mkiyang'oa leo, mtarudi mtoni na debe. Na safari hiyo msitafute mtu wa kulaumu."

Gathoni alishusha panga. "Hata mimi nilikuwa na foki jembe," akasema polepole.

"Ulikuwa nayo. Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Watiri akatoka majini, miguu myekundu kwa baridi, akapita katikati yao hadi kwa Ngatia. Akanyoosha mkono.

"Habari yako, Baba Mutahi."

Mzee aliutazama ule mkono. Aliuacha hewani kwa muda mrefu hata watu wakaanza kutazama chini.

"Mwaka mzima, Watiri."

"Mwaka mzima. Na nduma zako nitazipanda mwenyewe."

"Utapanda vibaya," Ngatia akasema. Akaushika mkono. "Nitakuja kusimamia."

Siku hiyo hakuna panga lililogusa tete. Ijumaa naibu wa chifu alifika, akatazama ule msitu, akatikisa kichwa, akaandika kwenye karatasi yake. Toroli ikaenda kijiji kingine. Gathoni alinung'unika juu ya ile toroli mpaka Krismasi, na kila asubuhi alinung'unika akiwa ameinama kisimani, akijaza debe.