Bolti za Plau Zilizokuwa Stoo

Miaka ya sabini sikutupa kitu. Stoo yetu karibu na Mukuyuni ilijaa madebe matupu, tairi za baiskeli na viti vilivyovunjika, kwa kuwa niliamini kila kimoja kingehitajika siku moja.

Mvua ya kwanza ya Novemba iliponyesha, bolti ya plau ilikatika. Nilijua ninazo nyingine. Nilizitafuta asubuhi nzima huku ng'ombe wakingoja na nira shingoni.

"Hii stoo ni duka," mke wangu alisema. "Shida ni kwamba hata mwenye duka haoni bidhaa."

Kesho yake nikaenda Emali kununua bolti, nikarudi jioni. Jua la siku mbili lilikausha udongo, tukangoja mvua nyingine kwa wiki mbili ndipo tukapanda. Majirani walivuna. Mahindi yetu yalinyauka yakiwa yametoa maua tu.

Tulipoondoa takataka ili tupate pa kuweka mahindi ya kununua, niliziona bolti nne, nimezifunga vizuri kwa kamba. Ile ya Emali ilikuwa ya bei ndogo. Magunia ya mahindi ya kununua yaliyokuwa mlangoni ndiyo yaliyonigharimu. Viti vile nilivipasua kuni siku hiyohiyo.