Mgongo wa Asiyezaa

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuja kujifungulia kwa mamake Mji wa Kale, tulikokaa mimi na mume wangu, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kwanza. Alishushwa na gari la mumewe kutoka Kizingo, akapandishwa ghorofani huku ameshikwa mikono miwili. Mimi nikawa mtu wa maji ya moto. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na maji ya mfereji yalikuja yanapotaka, basi nilichota kwenye kisima cha uani, nikachemsha kwenye seredani ya makaa, nikapanda ngazi na ndoo.

Alipojifungua, bibi mkandaji akawa anakuja kila asubuhi, na angekuja mpaka arobaini itimie. Alimkanda wifi kwa kitambaa cha maji ya moto, akampaka mafuta ya simsim, akamfunga tumbo. Mimi nilisimama nje ya pazia na ndoo ya pili, nikimsikia wifi akiguna kwa raha. Wallahi nilimchukia. Mgongo wangu ulikuwa mwaka wa pili ukiniuma, hapa chini kiunoni, nikiinama unauma na nikilala unauma. Sikuanguka, sikubeba gunia. Dawa za kuchua nilizimaliza, picha nikapigwa, mifupa ikaonekana mizima. Siku niliyothubutu kusema nyumbani, mama mkwe alicheka.

"Mwenzio amezaa. Wewe mgongo wakuumia nini?"

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Nilirudi jikoni kuchochea makaa.

Kumbe mama mkwe alikuwa akinihesabia swala. Mwanamke akiwa katika siku zake haswali, na nyumba yenye wanawake watatu hilo halifichiki. Asubuhi moja, wifi akiwa na wiki tatu tangu ajifungue, mama mkwe alininyang'anya ndoo.

"Mbona hunambii, mwanangu? Mwezi wa tatu huu hujakosa swala hata moja! Nawe wapanda ngazi na maji?"

Ningelisema papo hapo. Siku zangu zilikuwa zimevurugika kitambo, zikija na kupotea zipendavyo, na moyoni nilijua sina mimba. Lakini bibi mkandaji alikuwa ameshaitwa, ameambiwa anipake mafuta kiunoni, taratibu, asikaze. Mikono yake iliponigusa nilitaka kulia. Nikanyamaza. Nilinyamaza wiki nzima, na kila wifi alipoita maji, alipelekewa na mamake. Nilifurahi, sitadanganya.

Mume wangu, kwa furaha yake, akanipeleka kwa daktari mmoja Makadara. Alipopima akasema hakuna mimba. Nilidhani ndiyo mwisho, lakini daktari hakuniruhusu kuondoka. Aliniuliza kama nasikia baridi wenzangu wakitoka jasho, kama nywele zanyonyoka, kama nimenenepa bila kula. Yote ndiyo. Kisha, mimi niliyezoea kushikwa mgongo, akanishika shingo. Akachukua damu.

Majibu yalipotoka alisema tezi ya shingoni imelegea, homoni zake ni chache, na ndiyo maana siku zimevurugika.

"Na mgongo?" nikauliza.

"Huenda nao watokana na hapo. Huenda sivyo. Tumia dawa, tutaona."

Miaka miwili nilikuwa nikitafuta jina la ugonjwa wangu, na nilipolipata likaja na huenda. Nililichukua hivyo hivyo.

Nyumbani nilisema yote mbele ya mama mkwe na wifi, hata kwamba nilijua tangu mwanzo. Mume wangu alitazama dirishani. Mama mkwe aliketi, mkono shavuni.

"Kwa hivyo mgongo ulikuuma kweli," akasema.

"Ndio, mama."

"Basi kesho akupake tena. Mgonjwa ni mgonjwa."

Niliaminiwa. Nilichokuwa nikikililia chote kilikuwa hicho. Asubuhi yake nililala kifudifudi, bibi mkandaji akamimina mafuta, akapata pale hasa panaponiuma. Hakuwa amekanda hata dakika mbili, mtoto akalia chumba cha pili. Mikono ikasita. Akasikiliza, akajifuta kwa leso yangu.

"Naja, mwanangu," akasema, akaenda.

Niliwasikia wote watatu kule wakimbembeleza, wakimcheka anavyokunja uso. Mafuta yalikuwa yakinitiririka ubavuni na sikuwa na wa kuniwekea kitambaa. Nikamwonea wivu mtoto ambaye hata arobaini hajatimiza.