Sabuni Kwenye Reli ya Mafuta

Rafiki yangu, wewe nakuamini, ndiyo maana nakueleza jambo ambalo hata kwa padri nililisema nimeinamisha kichwa.

Mimi ni mama wa watoto wanne, na ni fundi magari. Ufundi nimeusomea ukubwani, darasa la jioni, natoka shambani na vumbi miguuni nakwenda kukaa benchi moja na wenye umri wa mwanangu wa kwanza. Nilipomaliza, mzee mmoja mwenye gereji hapa Tabora, Mwislamu wa mjini hapa tangu babu zake, akanipokea. Watu walimcheka. Akawajibu kwamba Wanyamwezi wenzangu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa mpaka pwani bila kuziangusha, sembuse spana. Na mimi hakuniacha bila utani. Nikichelewa asubuhi, anauliza kama msafara ulinikwamia Ujiji.

Ijumaa moja tulikuwa na msiba. Mama mzazi wa mwenzetu wa kwaya alifariki huko Lusu, upande wa Nzega, na mazishi yalikuwa kesho yake saa sita mchana. Marehemu aliomba jambo moja tu, kwaya ya binti yake imwimbie akiteremshwa kaburini. Tulimwahidi akiwa kitandani, tumemshika mkono. Tungekwenda wanawake tisa, mimi wa kumi, kwa gari la mume wa mwenyekiti wetu, na yeye mwenyewe ndiye dereva.

Gari hilo lilikuwa linavuja. Juu ya injini kuna bomba la chuma linalogawa petroli kwa nozeli zinazoipuliza ndani ya injini, sisi tunaliita reli ya mafuta. Paipu inayotoka kwenye tangi inaungana nalo kwa kiungo cha plastiki, na hicho kilikuwa kimepasuka. Cha kiwandani hakikupatikana mjini. Tukapata fitingi za shaba, viungo visivyo vya kampuni ya gari, moja ya kukazwa kwenye reli, nyingine ya kushika mpira wa mafuta. Mzee akaniachia kazi, akaenda kuswali, na kutoka msikitini alikuwa na shughuli ya familia.

Nilianza vizuri. Nilichomoa fyuzi ya pampu, nikawasha injini mpaka ikazima yenyewe, ili petroli isinirukie. Nikatoa waya wa betri. Lakini ile oringi, kipete cha mpira kinachoziba ndani ya fitingi, niliiingiza kavu. Inatakiwa upake oili kidogo iteleze. Nilikuwa na haraka ya mazoezi ya kwaya. Katika kukaza nikasikia spana inagoma, nikaongeza nguvu.

Nikarudisha betri na fyuzi, nikafungua swichi bila kuwasha. Pampu ikanguruma. Nikamulika tochi, nikaona unyevu pembeni mwa nati. Halikuwa tone, lilikuwa jasho tu. Nikafuta, likarudi. Nikajua oringi imekatika, na muuza vipuri alikuwa ameshafunga duka.

Sasa kila fundi wa kwetu anajua dawa ya petroli inayovuja ni sabuni ya kipande. Unaikanda na maji kidogo, unapaka, na kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni, inaziba. Gari likitoboka tangi huko porini njia ya Kaliua, dereva anafika mjini kwa sabuni. Ila mzee alinifundisha kwamba sabuni ni ya kukuleta gereji, siyo ya kukutoa gereji. Nilikuwa nayakumbuka maneno hayo huku nakanda. Nikapaka, nikasafisha pembeni pasionekane, jasho likakata. Nikajiambia ni kwenda Lusu na kurudi tu, Jumatatu nitabadilisha. Nikampigia mwenye gari aje alichukue.

Asubuhi saa mbili tukakusanyika kanisani na sare zetu. Wenzangu wakapanda, mmoja na mtoto mchanga. Mwenyekiti akasema, "Leo mama fundi atuombee safari. Gari ni lake, Mungu ni wake." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu wa msiba.

Nikafumba macho. Nikaanza, "Baba, safari hii tunaiweka mikononi mwako," nikakwama. Namwomba azuie nini? Azuie kitu nilichokificha kwa vidole vyangu? Injini ikipata moto sabuni inakauka, inapasuka, na kwenye reli petroli haidondoki, inaruka kwa nguvu. Nikasikia yule mtoto ananyonya.

"Shukeni," nikasema. "Shukeni wote. Hapa petroli nimeiziba kwa sabuni."

Mwenye gari alifungua boneti, akakwangua kwa ukucha, akaitazama sabuni, akaipangusa kwenye suruali. Mama mmoja wa nyuma akasema: "Kumbe tulikuwa tunapelekwa kuzika au kuzikwa?" Mwenyekiti akanivuta pembeni. Alinisihi twende polepole, tusimame kila kijiji tukague, kwa sababu marehemu ameahidiwa. Mumewe akaona linawezekana. Nami sikubishana nao. Nilichomoa fyuzi ya pampu, nikaitia ndani ya blauzi ili gari lisiwake, nikampigia mzee.

Alikuja kwa baiskeli. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vua hiyo sare."

Nilimfuata muuza vipuri nyumbani kwake, nikarudi na oringi tatu. Mzee hakugusa spana. Alisema nimekaza mimi, nitafungua mimi. Oringi ya jana ilitoka imekatika kipande kama ukucha. Ile mpya nikaipaka oili, nikaanza nati kwa mkono, nikamalizia kwa spana. Nikarudisha fyuzi, tukafungua swichi mara tano, tukawasha, tukaiacha injini ipate moto, nikapitisha karatasi nyeupe kuzunguka nati. Ilitoka kavu. Ilikuwa imefika saa tano.

Lusu tulifika kaburi limeshafukiwa. Nilimwendea mfiwa kabla ya mtu mwingine, nikamweleza yote, sabuni na haraka yangu.

"Mama aliwasubiri," akasema. "Mpaka katekista akasema jua ni kali." Kisha akashika mkono wangu uliokuwa bado unanuka petroli. "Hakuwasikia. Lakini ningewazika ninyi wote, nani angeniimbia mimi? Haya, imbeni."

Tuliimba wimbo mmoja juu ya udongo mbichi. Ahadi tuliyompa marehemu niliivunja mimi, na mpaka leo yule dada mfiwa akisimama kuimba ule wimbo, mimi natazama chini. Bado ni fundi. Mzee hakunifukuza, ila kwa muda mrefu kila kazi yangu ya mafuta alikuwa anaipitishia karatasi mwenyewe, na mimi nasimama pembeni nasubiri.

Nakuomba basi, haya yasiishie kwako. Wasimulie mafundi unaowajua, na madereva, na mama yeyote anayepakia watu kwenye gari lililotoka kutengenezwa jana. Waambie wafungue boneti waangalie kwanza, na kama kuna aliyeficha kitu, aseme watu wakiwa bado chini.