Jumapili Niliyomshusha Baba Presha

Watu wa kwetu, huku juu Lukozi, wanasema baba yangu aliangushwa na presha. Wanasema kwa huruma, wamenishika mkono. Miaka minne nimewaacha waseme hivyo. Si kweli. Baba aliangushwa na mimi, mchana kweupe, barazani kwangu, huku watu wakipiga makofi.

Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyeleta mashine ya kupima presha, ile ya kuvalisha mkononi na kubonyeza kitufe. Aliileta kwa ajili ya baba, kwa sababu baba alikuwa na presha ya siku nyingi na dawa alikuwa anameza akipenda. Akijisikia mzima anaziacha. "Nimeze dawa, kwani naumwa nini?" anakuuliza, jembe liko begani. Basi mimi, mlima kabichi na karoti niliyeishia darasa la saba, nikageuka mtaalamu. Kila Jumapili baada ya ibada, mnada wa mavuno yaliyotolewa sadaka ukishaisha, majirani walipanda kwangu kupimwa. Wakanipa jina la daktari. Nilijifanya nacheka, lakini jamani, jina lilinikolea.

Ngoja nieleze tunavyoishi, mtu asije akadhani tulikuwa wendawazimu. Huku miche ya kabichi ikinizidi, inakwenda kwa jirani. Dawa ya wadudu ikibaki nusu chupa, inavuka bonde. Vidonge navyo ni hivyo hivyo. Mtu akipata nafuu, vilivyobaki anavifunga kwenye karatasi na kumngoja mwenye shida kama yake. Ukimnyima, unaonekana una roho mbaya.

Jumapili hiyo baba alipimwa wa mwisho. Alikuwa mzee wa kanisa, amevaa koti lake la ibada, na kupimwa hakupendi. Alikaa kwenye kiti ili kunifurahisha tu. Mashine ikanguruma, ikabana mkono, ikaandika. Sijawahi kuona namba kubwa namna ile. Nikapima tena. Ni ileile.

"Kichwa kinauma, baba?"

"Hakiumi."

"Kizunguzungu je?"

"Mwanangu, mimi nina njaa."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema, mzee hana dalili yoyote, apumzike, kesho tumpeleke kliniki. Mimi niliona aibu. Daktari wa kijiji kizima, halafu baba yake mzazi ndiye mwenye namba ya kutisha kuliko wote! Nikaingia ndani nikachukua vidonge vyake nilivyokuwa namtunzia, nikampa viwili badala ya kimoja, eti kufidia alivyoruka. Mama mmoja jirani akafungua fundo la kanga akatoa chake. "Mpe na hiki, mimi kilinishusha siku hiyohiyo." Nikampa. Fundi mbao mmoja wa Shume, aliyekuja kusali kwetu, alikuwa na kile cha majimaji ndani, kinachotobolewa kwa sindano na kukamuliwa chini ya ulimi. Akasema hicho ndicho kiboko yao. Nikatoboa, nikakamua. Baba akakunja uso kwa uchungu wa dawa, ila hakubisha, kwa sababu aliniamini.

Tukasubiri. Nikapima, imeshuka. Nikapima tena, imeshuka zaidi. Namba za kijana kabisa! Watu wakapiga makofi, mmoja akasema Bwana asifiwe. Nami nikajiona nimefanya kazi ambayo hata hospitali wangeichukulia wiki. Nikamwambia baba, "Haya, inuka tukale."

Akainuka. Alipiga hatua moja, akasimama, akaniangalia kama mtu anayetafuta jina langu. "Mbona giza limeingia mapema?" akasema. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka. Mkono wa kulia ukamlegea, akaanguka chini mbele yangu.

Tulimteremsha Lushoto kwa pikapu ya mboga, amelala juu ya magunia, kichwa chake mapajani mwangu. Njia nzima nilimwita kwa Kishambaa, "Tate, tate," naye alijibu sauti zisizo na maneno.

Hospitalini alitupokea daktari wa kike, binti mdogo. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza, "Mama, mzee amemeza nini leo?"

"Vidonge vyake vya kliniki tu," nikasema.

Mama jirani alikuwa kando yangu. Akatazama sakafu.

"Nauliza tena, mama. Presha yake iko chini mno, lazima nijue sababu."

"Vyake tu."

Nilimdanganya mara mbili, baba yangu amelala pale. Karibu saa nzima ikapita ndipo nikamfuata kwenye korido nikamwambia yote. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniuliza kama kwetu tunamwagilia kwa mfereji, nikasema ndiyo.

"Basi ubongo nao una mwangalizi wa mfereji," akasema. "Damu ikija kwa nguvu, anabana mishipa. Ikipungua, anailegeza. Ubongo hauna akiba ya oksijeni, ukikosa damu dakika chache tu unaanza kufa. Sasa mzee ameishi na presha kubwa miaka mingi, mishipa yake imekakamaa na ubongo umeizoea nguvu ile. Mmeishusha ndani ya muda mfupi. Mwangalizi amelegeza mpaka mwisho, na bado tuta la mbali limekosa maji."

"Kwa hiyo ile namba kubwa..."

"Ilikuwa mbaya, mama. Ilitakiwa ishushwe polepole, kwa siku na wiki. Lakini leo ndiyo iliyokuwa inamfikishia damu kichwani."

Matuta nayajua. Nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Baba hakufa. Upande wa kulia umelala, maneno yamekwisha, na kwenye sahani anaona nusu tu ya chakula. Namwogesha, namlisha, namgeuza. Akilia namfuta. Yule daktari alikwishatuambia kwamba waliopigwa na kiharusi wakati mwingine hulia bila sababu yoyote, tusiwe tunahangaika kuitafuta. Majirani wakija huniambia nina moyo, Mungu atanilipa. Hilo la kulipwa linanitisha mpaka nakosa usingizi.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia. Asubuhi, namnywesha uji, nikaweka kijiko chini nikamwambia. Baba, presha haikukuangusha. Ni mimi, kwa ajili ya kupigiwa makofi. Hata daktari nilimdanganya, wewe umelala pale. Nisamehe.

Alinitazama. Machozi yakaanza kumtoka. Nikangoja anishike au anisukume kwa ule mkono mzima, chochote, nijue kama amenisikia. Hakuusogeza. Alilia tu, na jana yake alikuwa amelia vilevile, alipomwona mbuzi wa jirani akipita.